Bati Mbele ya Rada

Desemba 3

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo Mbamba Bay, na mimi nimetunga uongo wangu wa kwanza wa msimu. Niuandike ungali mtamu.

Kazi niliyopewa na Mzee Kombo ni kutunza vyombo vya umeme vya boti yake, Kihagara, inayobeba abiria, saruji na mahindi kutoka hapa hadi Lituhi na kurudi. Rada ndiyo mtoto aliyedekezwa wa boti hiyo. Ule mkono wake mweupe unaozunguka juu ya paa la chumba cha usukani ndio unaomwonyesha nahodha kilicho mbele pale mvua inapolificha ziwa. Na hapo hapo ndipo mabaharia wetu wamepageuza mnara wa simu. Mtandao ukipotea tukishaiacha Liuli, utawaona wanapanda mmoja mmoja, simu hewani, na rada inawapitia puani.

Nimewaambia watapigwa na mkono ule waanguke majini. Wamecheka. Nimewaambia ndani ya boksi lake kuna umeme wa kuua. Wamecheka tena, na mmoja akauliza kama fundi wa kike anaogopa kupanda juu. Leo nilipomkuta Twaha, msaidizi wa nahodha, mtu mzima mwenye akili zake, amesimama uso kwa uso na rada inayozunguka akimuuliza mkewe kama sukari imepatikana, uvumilivu ukaniishia.

"Endeleeni kupanda," nikawaambia wote. "Ila mkikosa watoto msije kunililia mimi. Hiyo mashine inakausha uzazi wa mwanamume."

Twaha alishuka bila hata kumuaga mkewe. Nahodha Meshack, ambaye ana watoto sita na hana wasiwasi wowote, aligeukia dirishani kuficha kicheko.

Najua si kweli. Mawimbi ya rada humuunguza mtu aliyesogea karibu kabisa mbele ya mkono, ndiyo maana hatutaki mtu kule juu. Aliye chini kwenye usukani hayamfanyi kitu. Lakini nilihitaji jambo watakaloliogopa, na kifo kilikuwa hakijatosha.

Desemba 4

Hakuna aliyepanda. Nimefurahi kupita kiasi.

Desemba 12

Nahodha Meshack ananiambia, "Fundi, umewanyoosha. Sasa hata kamba ya bendera hawataki kuigusa." Nimemwambia wakati mwingine nitawatungia nyingine kwa ajili ya maboya, maana wanayakalia kama viti vya harusi.

Desemba 18

Siku ya kusafisha rada. Nimezima swichi kuu, nikatoa fyuzi na kuitia mfukoni, nikaning'iniza kibao cha USIWASHE, MTU YUKO JUU, kisha nikasubiri kabla ya kufungua boksi, maana umeme hubaki ndani hata baada ya kuzima. Mkono ulikuwa umegandwa na wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu kama moshi. Wakilowa wanakuwa gundi. Nimewaosha kwa maji, sabuni kidogo na kitambaa laini. Nati moja ilikuwa imelegea, nikaikaza.

Twaha alinishikia ngazi. Akauliza, bila kunitazama, "Fundi, lile ulilosema. Mtu akikaa chini yake tu, kwenye usukani, kwa miaka minne, linampata?"

Nilikuwa na bisibisi mdomoni. Nikaitoa, nikamjibu, "Kamuulize mkeo," nikacheka peke yangu. Nilidhani ameudhika kwa sababu ya utani. Watu wa boti wanapenda kutania, hawapendi kutaniwa.

Desemba 27

Niko Mbinga kwa Mama. Mibuni imebeba vizuri, mvua haikatiki. Nakula, nalala, naulizwa nitaolewa lini.

Januari 7

Nimerudi na kukuta bati.

Limepigiliwa juu ya paa la chumba cha usukani, mbele ya rada, limeinuliwa kwa mbao na kupakwa rangi nyeupe lifanane na boti. Nahodha Meshack anasema Twaha ameliweka kwa sababu paa linavuja. Paa halivuji, nililiziba mwenyewe kabla ya mvua. Ni kazi safi, misumari imenyooka, pembe zimekunjwa zisimkate mtu. Amelitengeneza kwa mapenzi kabisa.

Nikawasha rada. Kwa mbali kila kitu kipo: visiwa, mwambao, milima yote. Lakini karibu na boti, mbele, mahali ambapo mitumbwi hupita, kuna giza lenye umbo la kipande cha papai. Rada haipenyi bati: mawimbi yanayopita juu yake yanafika mbali, yanayoelekea chini yanazuiliwa. Twaha amejitengenezea ngao ya kumkinga na kitu kisichokuwepo, na ngao hiyo imeifumba boti jicho.

Nilielewa papo hapo, uso ukaniwaka kwa aibu. Kesho namwambia ukweli, bati linatoka, yanakwisha.

Januari 8

Hayakwisha.

Nilipofika gatini asubuhi, Zamda, mke wa Twaha, aliniwahi. Anauza vitumbua pale karibu na mizani ya samaki. Ni mdogo kwangu kidogo, mtaratibu, hana tabia ya kumshika mtu mkono. Leo alinishika.

"Habari za Mbinga, dada? Nimesikia unamtafuta mume wangu."

"Namtafuta. Kuna jambo nilisema boti nzima isikie, na halikuwa la kweli."

"La rada."

"Kumbe unajua?"

"Dada, mimi sijasomea umeme. Lakini Nahodha Meshack ana watoto sita na miaka yote analala chini ya hiyo rada."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanipeleka nyuma ya kibanda chake, akaanza kunieleza huku akigeuza vitumbua, bila kuinua macho.

Wana miaka minne kwenye ndoa na hawana mtoto. Mama mkwe wake, Bi Rukia, anaishi nao, na kila mwezi humuuliza swali lile lile mbele ya majirani. Mwaka jana Zamda alipanda gari peke yake hadi hospitali Mbinga, akapimwa, wakamwambia yeye hana tatizo, amlete mume. Alimwomba Twaha waende pamoja, ila majibu yake mwenyewe hakumwonyesha. Twaha alinyamaza wiki nzima. Zamda hakurudia kumwomba.

"Sasa siku ulipowatisha," akasema, "alirudi nyumbani akamwambia mama yake, 'Ni mimi, mama. Si Zamda. Kazi ndiyo imeniumiza.' Mama alilia. Kisha akaja jikoni akanikumbatia. Dada, tangu niolewe hajawahi. Siku hizi ananipikia uji. Ananiita mwanangu."

"Zamda, lakini si kweli."

"Najua si kweli. Ukimwambia si rada, ni nani atakayebaki?"

Nikamwambia habari ya bati, kwamba boti haioni vizuri mbele.

"Mbali inaona?"

"Mbali inaona."

"Basi karibu watazame kwa macho, wanayo. Nipe mwezi mmoja tu. Nitazungumza naye mwenyewe taratibu, akubali kwenda kupima. Akishakubali, mwambie lolote."

Nilisema sawa. Nilisema haraka, kwa sababu kukubali kulikuwa kwepesi kuliko kumtazama Twaha na kumwambia nilimdanganya. Naandika hili nisije baadaye nikajidanganya kwamba nilifanya kwa huruma tupu.

Januari 9

Nimemwambia Nahodha Meshack aweke mtu wa kuangalia omoni, mbele kabisa ya boti, kila mvua inaponyesha. Akauliza rada ina nini. Nikasema, "Tahadhari tu." Nimefanya nusu ya kazi na kujiona mwema.

Januari 16

Bati lipo. Mvua.

Januari 21

Bi Rukia amekuja nyumbani kwangu na kuku. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia kwa upole ambao sikuustahili. Anataka nimwombe Mzee Kombo anunue rada nyingine, isiyodhuru watu. "Wewe ndiye uliyetufumbua macho, mwanangu," akasema. "Mimi nilikuwa namlaumu mtoto wa watu bure."

Kuku amefungwa uani. Siwezi kumchinja na siwezi kumrudisha.

Januari 30

Bati lipo. Zamda anasema hajapata siku nzuri ya kuzungumza. Nimenunua vitumbua vingi kuliko ninavyoweza kula.

Februari 8

Mwezi umekwisha. Nilimuuliza Zamda, akasema Twaha yuko na furaha siku hizi, ataanzia wapi. Nimeanza kumkasirikia kana kwamba yeye ndiye aliyetunga uongo. Nimeona kibanda chake leo nikapita upande wa pili wa barabara. Nahodha naye namwona mzembe, anapita chini ya bati kila siku na hajiulizi. Kila mtu ana kosa kwenye hesabu zangu za siku hizi. Nikifika kwenye langu naliruka.

Februari 11

Tumemgonga mtu.

Niandike kama ilivyokuwa. Nilipanda boti kwenda Lituhi kubadilisha betri za taa inayoongoza boti kule. Abiria hawakuwa wengi. Tulipoipita Liuli mvua ilishuka kama mtu amemwaga ndoo, ziwa likapotea, hata omo ya boti yetu wenyewe ilionekana kwa shida. Nahodha Meshack alikuwa chini anakula. Twaha alikuwa kwenye usukani. Mtu aliyewekwa omoni alikuwa amejificha chini ya turubai pamoja na abiria, na nisimlaumu, hakuna aliyemwambia kwamba yeye ndiye jicho pekee la boti.

Mimi nilisimama karibu na kioo cha rada. Niliona mwambao vizuri. Niliona na kile kipande cha papai, cheusi, mbele yetu. Nilifungua mdomo nimwambie Twaha apunguze mwendo. Kisha nikafikiria kwamba ataniuliza kwa nini, na nitajibu nini. Nikafunga mdomo. Haukupita muda mrefu, lakini nilikuwa na nafasi ya kusema na niliiona nafasi yenyewe ikipita.

Halafu tukasikia mlio wa mbao.

Twaha alisimamisha injini na kuruka majini na nguo zake zote kabla sijajua ni nini. Alimpata mvuvi amekumbatia kipande cha mtumbwi wake uliopasuka, analia kwa Kinyasa. Ni Joakim, mvuvi wa usipa, dagaa wa huku kwetu, mkazi wa pale pale Liuli. Alikuwa peke yake. Mguu wake wa kushoto, kuanzia goti kushuka, haukuwa mguu tena. Nimeushika mwenyewe nikiufunga kwa kanga ya abiria.

Nahodha Meshack akashika usukani, tukageuza kumpeleka hospitali. Njia nzima Twaha alikuwa amempakata kichwa. "Sikukuona, kaka. Wallahi sikukuona. Rada haikuonyesha kitu." Akaniangalia mimi. "Fundi, si ulikuwepo? Si haikuonyesha kitu?"

Nikasema, "Haikuonyesha."

Februari 12

Mtumbwi wa mti huonekana kwa shida hata kwenye rada nzima, hasa mvua ikiwa kubwa. Huenda tusingemwona hata pasingekuwa na bati. Nimejiambia hivyo tangu jana na halijanisaidia chochote. Ningeweza kumwambia apunguze mwendo.

Februari 14

Mzee Kombo alituita dukani kwake, mimi, Nahodha Meshack na Twaha. Akafunga mlango nusu, akamtuma mtu chai. Akauliza, "Rada ilikuwa nzima au mbovu? Nataka jibu moja."

Twaha alianza kusema ilikuwa nzima. Nikamkata.

Nilisema yote. Bati linafanya nini, nililiona lini, kwa nini sikulitoa. Nilisema niliwatisha kwa uongo mwezi wa kumi na mbili ili waache kupanda juu, na kwamba rada haimkaushi uzazi mtu aliyekaa kwenye usukani, wala haijawahi. Jambo moja tu nililibakiza, nalo si langu: kwamba Zamda alikuwa anajua. Nilisema nilinyamaza kwa aibu, na hilo nalo ni kweli.

Nahodha Meshack aliweka kikombe chini. "Mzee, mimi ndiye nahodha. Bati nililiona kila siku nikaamini ni la kuzuia mvua tu."

Twaha alikuwa anauangalia mdomo wangu kana kwamba maneno yangu bado hayajamalizika kutoka. "Kwa hiyo si rada," akasema.

"Si rada, kaka Twaha. Nisamehe."

"Uliniambia nimuulize mke wangu."

"Nilikutania. Nisamehe."

Akasimama akatoka, akaisahau kofia yake kwenye kiti. Mzee Kombo ni mtu wa maneno machache. Alisema matibabu ya Joakim na mtumbwi mpya ni juu yake. Alisema hatamfukuza mtu aliyemwamini fundi. Nikasubiri zamu yangu, na kusema kweli nilitamani.

"Wewe utabaki," akaniambia. "Nikikufukuza utapumzika. Baki hapa uwe unawaona kila siku."

Februari 15

Twaha amelitoa bati mwenyewe, bila kuambiwa. Nilizima swichi, nikatoa fyuzi, nikaning'iniza kibao, nikamshikia ngazi. Aling'oa misumari mmoja mmoja. Nilipowasha, papai halikuwepo. Rada inaona mbele yote, safi kabisa.

Machi 2

Nimekwenda kumwona Joakim. Wamemkata mguu. Mkewe alinipa kiti. Joakim akaniuliza, "Fundi, leo umekuja kutengeneza nini?" Hakusema kwa ukali. Nilikaa mpaka chai ikapoa.

Machi 5

Mvua.

Machi 13

Bi Rukia tumekutana sokoni. Nikamwamkia. Akapita.

Machi 22

Kibanda cha vitumbua kilikuwa kimefungwa siku kadhaa. Leo Zamda yupo, lakini hakupika, anauza vyombo. Nilisimama mbele yake kama mshitakiwa.

Akanieleza bila kuulizwa. Siku ile Twaha alipotoka dukani, alimwambia mama yake kwamba si rada. Bi Rukia aliuliza, "Basi ni nani?" na kabla jua halijazama akawa amekwishajijibu. Uji ukaisha. Zamda akatoa cheti cha hospitali ambacho alikuwa hajamwonyesha mtu, akamwekea mumewe mkononi. Twaha alikisoma akasema atakwenda kupima. Mama yake akasema mwanawe si ng'ombe wa mnada apimwe na watu, bora aoe mwingine na ukweli utaonekana wenyewe.

"Na Twaha?"

"Alisema mama asikasirike." Alifuta sufuria kwa kanga. "Wameshamwona binti. Twaha ananiambia nitabaki kuwa mkubwa wa nyumba. Nimemwambia sitaki ukubwa, nataka talaka yangu niende kwetu Lituhi. Ameniandikia jana, analia."

Nilimwambia kwamba nilisema kwa sababu ya Joakim, kwamba nisingeweza tena kunyamaza.

"Najua," akasema. "Mimi ndiye niliyekuomba unyamaze. Mguu wa Joakim na mimi nimeushika." Akaiweka sufuria chini. "Lakini dada, mwanzoni. Ulikosa kabisa kitu kingine cha kuwatisha?"

"Niliwaambia watakufa. Walicheka."

Hapo ndipo aliponitazama. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. Akaniuzia sufuria moja.

Machi 29

Nimesafisha rada. Wadudu wamepungua. Hakuna aliyepanda juu, ingawa sasa wanajua. Nadhani hawataki tena kupaona.

Aprili 6

Zamda ameondoka leo na Kihagara. Hakuna boti nyingine wiki hii. Mimi nilikuwemo kwa ajili ya zile betri za Lituhi, na kwenye usukani alikuwa Twaha, kwa sababu Nahodha Meshack ana homa. Ningeweza kuahirisha. Nikakumbuka alichosema Mzee Kombo, nikapanda.

Njia nzima Zamda alikaa sitahani na mgongo wake kwetu, amejifunika turubai, sanduku lake la chuma miguuni, lile alilokuja nalo kama bibi harusi. Twaha hakutoka kwenye usukani hata kunywa maji. Tulipofika Liuli alipunguza mwendo kabla ya mvua kuanza. Anaitumia rada vizuri kuliko baharia yeyote niliyewahi kumfundisha, anabadilisha masafa, anatazama karibu, anatazama mbali, anatazama na kwa macho yake pia. Alikwepa mitumbwi ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimeiona bado. Nilimwangalia nikaona mtu mwema, na nikaona ni mtu mwema huyo huyo aliyeshindwa kumwambia mama yake neno moja. Nina haki gani ya kumsema.

Lituhi mvua ilikuwa nyembamba lakini nzito, ufuo hauonekani. Boti ilitia nanga mbali kama kawaida, mtumbwi ukaleta abiria wa kurudi na kuchukua wa kushuka. Zamda alikuwa peke yake wa kushuka. Nilimsaidia kushusha sanduku. Nikamwambia, "Nisamehe, mdogo wangu."

"Kwa lipi, dada? Kwa uongo au kwa ukweli?"

Alinisubiri kweli, ameshika ukingo wa boti, mvua inamchuruzika usoni. Akashuka mtumbwini, akakaa juu ya sanduku lake, yule mpiga kasia akasukuma, na baada ya muda mfupi mvua ikawafunika.

Nilirudi chumba cha usukani kuchukua vifaa vyangu. Betri zilikuwa zinasubiri mtumbwi urudi. Twaha alikuwa ameinamia kioo cha rada, mikono miwili pembeni.

"Fundi," akasema, "hiki ndicho chombo cha kwake?"

Nikainama. Mtumbwi wa mti peke yake usingeonekana kwenye mvua ile. Lakini kulikuwa na doa dogo, linawaka na kufifia kila mkono wa rada ulipozunguka, kwa sababu ya lile sanduku la chuma.

"Ndicho," nikasema.

Alibadilisha masafa ili alione kubwa. Mabaharia walikuwa wamejipanga kunishushia betri mara mtumbwi ukirudi, injini inaunguruma. Doa lilisogea polepole, likakaribia mstari wa nchi kavu, likaungana nao. Mkono ukazunguka tena, halikuwepo. Twaha aliendelea kuangalia pale pale.

Abiria mmoja sitahani akauliza kwa sauti tunasubiri nini.